Mwani Juu ya Kidonda

Hitima ya shangazi Zuhura ilipokwisha na masufuria yakaanza kusuguliwa, mjukuu wake mmoja aliyetoka Dar aliniona nikivua viatu, akaliona kovu lililo karibu na kifundo cha mguu wangu wa kushoto, akauliza bila kuzunguka: "Bibi Somoe, hapo ulitafunwa na papa?" Wanawake wote pale barazani wakacheka, nami nikacheka nao, maana msiba ukifika kwenye pilau watu huwa na njaa ya kucheka kuliko hata ya kula. Nikamwambia si papa, ni taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, na kwamba aliyekuwa nami siku hizo ndiye tuliyetoka kumsomea. Akasema "duh," akarudi kwenye simu yake. Mimi nikabaki nimeshika kiatu mkononi. Hofu ya mwaka ule ilinirudia nzima nzima, kana kwamba bado ni msichana na Jumatatu yenyewe haijafika. Mimi ni mwoga, nimeumbwa hivyo, wala sioni haya kulisema. Wako watu wanaosimulia ujana wao kwa ushujaa, na Mungu awazidishie. Wangu mimi niliupitisha nikitetemeka.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Kilwa Masoko yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa tena ghafla: mitumba, kanda za muziki, sabuni za kunukia, na dawa. Dawa ziliuzwa kando ya unga na mafuta ya taa, unataja tu rangi unayoitaka. Kampuni ya mwani nayo ikaja, ikagawa kamba, na wanawake wa Kilwa Kisiwani wakaingia baharini kulima. Niliishi kwa shangazi. Nilifikaje kwake ni habari ndefu isiyotufaa hapa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikuwa cha magunia ya mwani mkavu, nami nikilala humo humo, kitanda changu cha kamba kimebanwa katikati, nguo zangu zote zikinuka chumvi. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, na shangazi, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, hakuwa na mazungumzo mengine ila mwani. Kilichomkera ni kwamba hakuna aliyejua unakwenda kufanywa nini. Jirani mmoja alisema unatengenezewa baruti. Mwingine alisema ni dawa ya kuzuia uzazi, na sisi tunaoushika kila siku tutakoma kuzaa. Wanunuzi ukiwauliza walisema tu, "Unakwenda Ulaya, mama."

Siku moja shangazi alichoka kuuliza. Alichukua mwani akauosha, akautia sufuriani, akaukoroga kama mtu anayepika uji wa mgonjwa. Ukayeyuka, ukawa ute mzito wa manjano chafu. Alionja akatema. Kisha akauchota kwa vidole, akauvuta kati ya gumba na shahada, ukarefuka bila kukatika, akautazama kwa makini sana. "Haya, Somoe, tumeshajua," akasema. "Wazungu wanakula makamasi." Tulicheka mpaka nikakaa chini. Sufuria lile tulilisugua kwa mchanga siku mbili na bado lilikuwa linateleza.

Mwiba ulinichoma wakati wa bamvua, maji yamekupwa mbali na wanawake wametawanyika kila mmoja kwenye kamba zake. Nilirudi nyuma hatua moja kukaza fundo, nikakanyaga kitu laini, na kabla sijainua mguu nilihisi moto. Sikuona kitu ila mchanga uliotibuka na damu. Shangazi alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, akaniloweka mguu kwenye maji ya moto, na maumivu yakashuka, nikadhani yamekwisha. Ndipo tukafanya walilokuwa wakifanya wote. Kidonda kwetu kilitakiwa kikauke. Mtu mwenye kidonda alikaa barazani na mguu juani, na kila mpita njia, baada ya salamu, aliuliza kimekauka? Shangazi alinunua vidonge vya rangi mbili, vile vya kofia nyekundu na nyeusi, akawa anavifungua kila asubuhi na kuninyunyizia unga wake juu ya kidonda kama mtu anayetia chumvi kwenye samaki. Kikafanya gamba gumu la manjano. Watu wakampongeza. "Mashaallah, Bi Zuhura, mbona kimekauka vizuri!" Mimi tu ndiye niliyejua kuwa chini ya gamba mambo si mazuri, maana mguu ulipiga kama moyo, na ngozi ya muundi ilianza kung'aa. Nilinyamaza kwa kuogopa kumvunja moyo. Siku nilipoamka na homa, shangazi alibonyeza pembeni mwa gamba, na kilichotoka kilikuwa na harufu iliyoishinda hata ya magunia. Alikwenda kutafuta mtumbwi.

Hospitali ya ng'ambo, bara, nilifikishwa pamoja na sufuria, mkeka, na kikapu kikubwa cha shangazi, kwa sababu mgonjwa hupikiwa na watu wake. Wodi ya wanawake ilipakwa rangi ya samawati nusu ya ukuta, na kitanda changu kilikuwa mwisho kabisa, kimegusana na ubao mwembamba uliotenga chumba cha wauguzi. Jirani yangu alikuwa Bi Hidaya wa Miteja, aliyeungua mkono kwa mafuta ya maganda ya korosho, mwanamke asiyejua kunong'ona. Daktari aliitwa Chilumba, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alilibandua gamba lile lote. Sitaeleza. Nilipiga kelele ambazo Bi Hidaya aliziigiza mbele ya wageni wake mpaka siku aliyoruhusiwa.

Aliyenifunga kidonda alikuwa Sista Anjelina, Mmakonde wa Newala, mkali wa macho na mwepesi wa mikono. Alifungua kasha la msaada lililokuwa limefika karibuni, akatoa kipande cheupe kama pamba iliyoshindiliwa, akakidondoshea dawa, akakilaza kwenye shimo la kidonda na kukifunika. "Hiki kinakaa hapa," akatuambia. "Dawa itakuwa inatoka kidogo kidogo. Msifungue, wala msimpeleke juani. Kidonda hiki hatutaki kikauke."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwa upole. "Sista, samahani. Kidonda kisipokauka kitaponaje?"

"Kitapona na majimaji yake, mama. Mnapokikausha mnaufungia uchafu ndani. Hiki kitaunyonya."

"Na chenyewe kimetengenezwa kwa nini?"

"Kwa mwani."

"Mwani huu wetu?"

"Wa bahari za kwao, za baridi. Si huu mnaolima. Lakini ni ndugu."

"Mwani!" Bi Hidaya akadakia kutoka kitanda cha pili. "Si ndio ule wa baruti? Mtoto wa watu mtamlipua!"

Sista alicheka, akaondoka na sinia lake. Shangazi hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama bandeji, na mimi nilimtazama yeye, maana tangu niko mdogo nilikuwa nikisoma usalama wangu usoni mwa watu wazima. Siku ile sikuusoma.

Ilikuwa saa za mchana, watu wamejinyoosha kwa joto, shangazi yuko kwenye banda la kupikia, nilipomsikia Daktari Chilumba nyuma ya ule ubao. Hakuwa akinong'ona, hakujua tu kwamba ubao hauzuii kitu. "Tungoje Jumatatu," alisema. "Jumatatu nikifungua nisipoona nyama mpya, tutakata hapa, chini ya goti, kabla uozo haujapanda." Sista akasema, "Ni msichana mdogo, daktari." Naye akajibu, "Ndiyo maana nataka abaki na goti." Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, wakahamia kwenye habari za gari la wagonjwa lililoharibika. Mimi nilibaki nikitazama wavu wa dirisha. Mwili ulikuwa wa baridi katika joto lile. Nilikunja vidole vya mguu wa kushoto, vikakunjika, nikavikunjua, nikavikunja tena, nikiviaga kimoja kimoja. Leo nimekuwa mtu mzima, nimezika wengi, nimeogopa mambo makubwa zaidi ya mguu, lakini sijapata tena hofu safi kama ile, isiyochanganyika na jambo lingine lolote. Shangazi alirudi na ugali na chukuchuku ya changu, akanitolea miiba kwa vidole vyake. Sikumwambia. Niliona kwamba nikilisema litakuwa kweli, na tena sikutaka kuona uso wake ukilisikia. Nilitafuna, nikashindwa kumeza, nikadai samaki ana chumvi.

Kesho yake shangazi akiwa jikoni nilitaka kuchana nywele, nikainama kutafuta kitana kikapuni mwake. Chini ya vikombe, chini ya kanga ya kubadilisha, mkono wangu ulikutana na kitambaa kipya kinachokwaruza. Bafta nyeupe. Kila Mwislamu wa pwani anajua bafta inanunuliwa kwa kazi gani, na kama ningejidanganya, pembeni yake kulikuwa na kifurushi cha karafuu maiti kinachonuka kama kilivyonuka siku zote nyumba zilipofiwa. Nikajua kwamba ninakufa na kila mtu ameshaambiwa ila mimi. Meno yaligongana mpaka Bi Hidaya akauliza kama ni homa. Nikaikunjua ile bafta, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kaburi langu lina upana gani. Ilikuwa fupi. Haikumtosha mtu kuwa sanda, haikumtosha hata mtoto wa kutambaa. Nikaigeuza mara mbili tatu kabla sijafahamu, na shangazi akanikuta hivyo hivyo, nimeiweka mapajani.

"Shangazi, hii ya nani?"

Aliweka sufuria chini taratibu. "Ya mguu wako," akasema.

Kumbe naye alijua. Habari za wodi zilifika kwenye banda la kupikia kabla hazijafika vitandani, na aliposikia alikwenda kwa daktari mwenyewe. Hakwenda kumwomba asikate. Alikwenda kumwomba, kama ni lazima akate, ampe mguu. "Nimemwambia nimeosha na kuzika watu wazima," alisema, na machozi yalimtoka bila sauti kubadilika. "Siwezi kushindwa kuusitiri mguu wa mtoto wangu. Wasije wakautupa kwenye shimo lao la nyuma, mbwa wakauburura. Siku ya kufufuliwa uutafute wapi, mwanangu?" Kipimo alikichukua nikiwa usingizini. Alikuwa na kipande cha kamba ya mwani kikapuni, akakilaza kuanzia goti mpaka kisigino, akafunga fundo. Nilimlalia kifuani nikalia kwa sauti, na Bi Hidaya, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, aligeukia ukutani akatuacha.

Jumapili bandeji ilianza kulowa. Kwanza ukingo, kisha juu, uchafu wa manjano unaoelekea kijani, na harufu ya uvundo. Muuguzi wa zamu alisema Sista Anjelina ameacha agizo kisifunguliwe mpaka daktari aje. Shangazi aliitikia vizuri, akasubiri muuguzi apite, akaniinamia. "Tunakwenda kwetu," akasema. "Nimewasikiliza, na umeoza. Mwani wao umekuozesha. Kama ni kufa utafia kitandani kwako, na mguu wako mwenyewe." Pindoni mwa kanga yake niliviona vidonge vya rangi mbili vimefungwa fundo. Nilitamani kukataa. Nilitamani pia kukubali. Nyuma yangu kulikuwa na kisu cha Jumatatu, mbele yangu lile gamba na homa ile, na sikuwa na akili ya kuchagua, kwa hiyo nilinyoosha mikono nikabebwa, kama siku ile ya bahari.

Alinikalisha kwenye banda la kupikia, juu ya kasha, mguu juu ya beseni. Alitaka kukisafisha na kukinyunyizia dawa kabla hatujavuka. Alifungua bandeji mzunguko baada ya mzunguko, na alipoinua tabaka la mwisho, donge zima la ute lilimomonyoka kutoka kidondani likaanguka kwenye kiganja chake. Nilipiga ukelele. "Nyama yangu! Shangazi, nyama yangu imetoka!" Wanawake waliokuwa wakipika walikimbilia nje. Shangazi hakuondoka. Alikuwa ameganda, kiganja kiko wazi, akitazama. Kisha nikaona gumba lake likitembea. Aliuchota ule ute, akauvuta kati ya gumba na shahada. Ukarefuka. Akauvuta tena.

"Somoe, nyamaza."

"Nimeoza, shangazi!"

"Nyamaza nikuambie. Usaha hauvutiki hivi. Mimi nimeusugua huu kwenye sufuria siku mbili." Akaunusa, akakunja uso, na pembe ya mdomo wake ikacheza. "Haya ni makamasi ya Wazungu."

Akanimiminia maji safi ya chumvi aliyochemsha, polepole. Ule ute ukaondoka, na chini yake hakukuwa na weusi tena wala manjano. Kulikuwa na wekundu mbichi, wenye vipunje vidogo vidogo kama ndani ya pera lililoiva. Hatukujua unaitwaje. Tulijua tu kwamba siku gamba lilipobanduliwa haukuwepo. Shangazi alikaa chini kwenye majivu. Baadaye alilifunga tena lile fundo la vidonge pindoni, akalikaza kwa meno, akanibeba akanirudisha wodini.

Sista Anjelina alikuja jioni akatukuta na bandeji ya kanga. "Nani amewaambia mfungue? Nani? Mnataka nini nyie watu?" Alikuwa amekasirika mpaka midomo inamtetemeka, nami sasa, baada ya kufunga vidonda vya watu kwenye zahanati miaka yangu yote ya kazi, najua kuwa naye alikuwa akiiogopa Jumatatu. Shangazi aliinamisha kichwa. "Nigombeze, sista, ni haki yako. Ila nigombeze ukiwa unamfunga." Jumatatu Daktari Chilumba alifungua, akatazama kwa muda mrefu, akabonyeza ukingo kwa kidole. Nikaruka. "Inauma?" Nikasema inauma sana. Akasema, "Vizuri," na kwa Sista, "Endelea na kile kile." Hakuna aliyetaja kukata, na hakuna aliyetuambia kwamba tumeponea chupuchupu. Niliendelea kuogopa muda mrefu baada ya hapo. Nililala nimekunja magoti mpaka mvua za masika, na hata kidonda kilipojifunga nilikuwa nikiamka nahesabu vidole. Tulipokuwa tukifungasha kurudi Kisiwani nilimwomba shangazi aitupe ile bafta. Alinishangaa. "Kitambaa kizima nitupe? Kina ubaya gani?" Akakikunja, akakirudisha kikapuni, na nyumbani akakiweka chini kabisa ya sanduku lake la nguo, pamoja na ile kamba yenye fundo. Sikukiuliza tena.

Sukari ilimpata uzeeni. Kidonda chake kilianza na kijiwe ndani ya ndara, naye akakificha, yeye aliyebeba mguu wangu kama yai, mpaka jirani aliponipigia simu Lindi, nilikokuwa nikikaa. Nilipokifungua, kidole kilikuwa cheusi na weusi ulikuwa umeshashika njia ya juu. Siku hizi vile vipande vya mwani vinauzwa duka la dawa, ndani ya pakiti inayong'aa. Nilivinunua, nikamlazia, nikafunga, nikasubiri. Hospitali nilikompeleka walikuwa wameshasema ni kukata, lakini niliwaomba wangoje kidogo, nikawa nalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Nilipofungua, kipande kilitoka cheupe na laini kama kilivyoingia. Kidonda hakikuwa na tone la maji. Kilikuwa kimekauka, kikavu kabisa, kama walivyopenda watu wa barazani.

Alikuwa akinitazama usoni, kama nilivyokuwa nikimtazama mimi zamani. "Kimevutika?" akauliza.

"Hakikuvutika, shangazi."

Aliitikia kwa kichwa. Aliniambia anasikia baridi, nimfunike, nikamfunika, na mkono wake mkubwa ukaushika wangu usiuachie. Sikuwahi kumwona akiogopa kwa ajili yake mwenyewe. Baada ya kitambo akasema, "Nenda Kisiwani, kafungue sanduku. Chini kabisa."

Nilikwenda. Bafta ilikuwa imegeuka rangi kwenye mikunjo, na kamba yenye fundo ilikuwa juu yake. Walipokata, daktari aliniachia mguu bila ubishi, umefungwa, nami nikauvusha ili niuzike penye viunga vya nyumba, mahali ambapo kaburi lake lingekuja kuchimbwa kando yake kabla mwaka haujaisha. Njia nzima nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba kitambaa kitapungua, maana kilipimwa kwa mguu wa msichana, na shangazi alikuwa mwanamke wa miguu mikubwa. Lakini sukari ilikuwa imeshamla. Nilikizungusha, nikakaza, nikafunga.

Kilitosha.